Pua Mpya ya Lori la Maige

Kila Jumamosi, kabla sijawaogesha watoto, niliosha pua ya lori.

Msicheke. Lori lina pua. La kwetu lilikuwa na bakuli la chuma chini ya boneti, ukubwa wa sufuria ya kupikia mboga ya watu wanne. Ndani mlikuwa na oili kidogo, na juu ya oili nyuzi za chuma zimesokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Injini ikivuta pumzi, hewa inapita kwanza humo, vumbi linanasa kwenye oili, hewa safi inaendelea na safari yake. Mume wangu Maige alijifunza hayo vitani, Burma, alikokuwa dereva wa jeshi. Aliporudi akanifundisha mimi, kwa sababu yeye hakupenda kushika uchafu. Nilikuwa namwaga oili ya zamani, nasuuza bakuli kwa mafuta ya taa, natia oili mpya mpaka kwenye mstari. Kiangazi, chini ya bakuli, nilikuta tope jeusi la kujaza viganja viwili. Tope la wiki moja tu.

"Baba Justa," nilikuwa nikimwita, "njoo uone mlo wa gari lako."

Yeye anacheka, anakwenda kuoga.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi, lililochoka na vita kabla halijachoka na sisi. Maige alilinunua kwa ng'ombe wa kwao, akabebea pamba kutoka vijijini mpaka Shinyanga mjini kwenye kiwanda cha kuchambulia. Mwaka ninaousema ni hamsini na nne. Mwaka huo lilikuwa likifika kilimani linafikiri kwanza. Siku moja lilipitwa na basi jipya, na mwanamke aliyekaa dirishani akamwuliza Maige kama anataka kamba ya kuvutwa. Maige hakula siku hiyo. Mtu aliyepita Burma salama, akauawa na mwanamke wa dirishani!

Kesho yake tukaenda kwa fundi Pazi.

Pazi alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani, na kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya stesheni ya reli. Wazaramo ni watani wetu sisi Wasukuma tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani kwa miguu. Mtani haruhusiwi kukasirika. Akikutukana unacheka, akikunyang'anya kofia unacheka, ukifa anakuja kuzuia jeneza mpaka apewe kitu, na watu wanacheka. Ndivyo tulivyoishi na Pazi. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwambia Maige kwamba lori lake halina ubovu wowote, ila limechelewa kukamuliwa.

Ukutani kwake siku hiyo lilining'inia bomba la shaba, linang'aa, mdomo umepanuka kama tarumbeta.

"Mtani," Maige akasema, "hilo unampigia nani?"

"Nawapigia Wasukuma. Wakilisikia wanaacha ng'ombe wanakuja kula."

"Sema kweli."

Pazi akalitungua, akalifuta kwa kitambaa. Alisema lilitoka kwenye gari la Mzungu mmoja aliyekuwa akishindana mbio Nairobi, mpaka siku alipolipindua. Linafungwa mahali pa bakuli la oili. Badala ya injini kuvuta pumzi kwa pua iliyoziba, inafungua mdomo wote.

"Gari linakwenda kama limeiba," akasema.

"Nifungie."

"Wewe mla michembe ya viazi, unanisikia vizuri? Hili ni la barabara ya lami. Kwenu huku vumbi ni kitoweo. Lori lenyewe zee, ringi za pistoni zimeshalegea. Ukilifunga hili, mwezi hauishi injini itakuwa inakohoa kuliko bibi yako."

Lakini alisema huku anacheka, meno yote nje, maana hakujua kuzungumza na Msukuma kwa namna nyingine. Na Maige akacheka mpaka akashika ukuta.

"Unanionea wivu, mkata minazi wewe. Funga!"

Pazi akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa juu ya debe. "Mama Justa, mwambie mumeo. Wewe si ndiye unayeosha lile bakuli?"

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Nilikuwa na tope la viganja viwili kichwani mwangu, la kila Jumamosi, miaka sita. Lakini mzaha ulikuwa umeshanifika kwenye ulimi, na mimi mzaha ukifika ulimini haurudi.

"Mfungie tu, fundi," nikasema, "nami nipumzike Jumamosi."

Wakacheka wote wawili. Pazi akachukua spana.

Sitasema uongo, ile pua mpya ilikuwa tamu. Lori liliunguruma kama simba aliyepewa cheo. Kile kilima kilichokuwa kinalifikirisha, likakipanda bila kuuliza. Watu wa vijijini wakatoka kutazama, na yule mwanamke wa dirishani, Mungu ni mwema, tukampita. Maige alipiga honi mpaka nikamshika mkono. Lile bakuli la zamani nikalipeleka uani, nikawanyweshea kuku.

Siku ya nane nikaona Maige anaongeza oili kwenye injini asubuhi. Siku ya tisa akaongeza tena. Siku ya kumi nikamwona anafuta moshi kwa macho, yaani anatazama pembeni ili asiuone. Ulikuwa moshi wa buluu, mwembamba.

"Baba Justa, gari linavuta sigara."

"Linazoea pua."

"Mimi nilizoea pua yako siku mbili tu."

Akacheka. Nami nikacheka, nikarudi jikoni. Hivyo ndivyo nilivyomwonya mume wangu.

Siku ya kumi na moja akaja Marselino.

Huyu alikuwa kijana wa kwetu aliyefanya kazi upande wa Geita, kwenye mgodi mdogo wa dhahabu ambao leo umeshafukiwa. Baba yangu, mzee Jilala, alikuwa huko mwaka wa tisa, akitoboa mwamba kwa keekee. Marselino alikataa kukaa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Justa, mzee anasema mumfuate. Kifua kimekwisha. Anasema ana neno na mdogo wake Mihayo, na pumzi aliyobakiza ni ya neno hilo moja tu. Asiimalizie njiani."

Nilijua neno gani. Ukoo mzima ulijua.

Bibi yangu, mama yao, alipofariki, baba mdogo Mihayo alichinja dume la baba yangu kwa ajili ya msiba bila kumwuliza. Dume jeupe, la kupendwa. Baba yangu, mbele ya watu wote, alipiga chini fimbo yake akasema: "Mihayo, hutanizika, nami sitakuzika." Kisha akaondoka kwenda migodini. Neno kama hilo kwetu si hasira ya kupita. Ni kiapo. Mwenye kulisema asipolitapika mwenyewe, kwa kutia maji mdomoni na kuyapuliza mbele ya ndugu yake, linabaki. Ndugu hawezi kushika jembe kaburini kwake. Na watoto wa huyu hawatazika watoto wa yule, vizazi na vizazi. Na baba yangu hakuwa na ndugu mwingine wa kiume, wala mtoto wa kiume. Alikuwa na mimi tu.

"Tutakwenda kesho alfajiri," Maige akasema.

Usiku huo sikutania. Nilimfuata kwenye lori, nikamshika shati.

"Maige, rudisha bakuli la zamani. Huko njia ya Kahama mchanga ni wa kumezwa kwa kijiko."

"Kwa pua ile nzee tutakwenda siku mbili na kurudi siku mbili. Umemsikia Marselino? Kwa hii, kesho jua halijazama tuko kwake. Ni baba yako, Mama Justa. Unataka nimwendee baba mkwe polepole?"

Nilijua pia alichokuwa hasemi. Baba yangu aliponioza kwake alisema anampa binti yake mtu aliyeoa gari. Maige alitaka mzee aone gari limemletea nini.

"Wewe kila siku unacheka," akaongeza, "leo umekuwa fundi?"

Asubuhi na mapema niliwanyang'anya kuku bakuli lao, nikalisugua, nikalitia kwenye kapu pamoja na nyuzi zake, nikafunika kwa kanga.

"Hilo la nini?" Maige akauliza.

"La kunawia."

Kwenda tulikwenda kama upepo. Sitamwonea Maige. Kahama tulifika watu wanakunywa uji. Lakini baada ya hapo tulikuta malori ya pamba mbele yetu, na makundi ya ng'ombe yanayopelekwa mnadani, na vumbi limesimama barabarani kama ukuta uliopakwa chokaa nyekundu. Sisi tulijifunga vitambaa usoni. Lori lilikwenda mdomo wazi.

Kabla ya machweo tulifika mgodini. Baba alikuwa kwenye kibanda cha wagonjwa, amekalishwa, kwa sababu akilala pumzi inakatika. Nilimpigia goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu." Akapumzika kidogo, maana kila neno alililipia. "Umenenepa. Huyo dereva... anakulisha petroli?"

Basi nikajua bado ni yeye. Mnaoniuliza ulimi wangu niliutoa wapi, niliutoa pale.

Asubuhi tulimbeba. Alikuwa mwepesi kama kapu lililomaliza unga. Desturi haikumruhusu Maige kubanana bega kwa bega na baba mkwe wake, kwa hiyo nilikaa katikati, baba dirishani, mume kwenye usukani. Niliona Maige anaongeza oili kabla hatujaondoka, debe akaliinamisha mpaka likalia tupu. Hakunitazama.

Maili thelathini za kwanza lilikwenda. Halafu likaanza. Kwanza kilimani likapungua, kama mtu anayehesabu ngazi. Halafu moshi. Haukuwa mwembamba tena, ulikuwa blanketi la buluu linalotufuata. Halafu likaanza kutoa sauti ndani, sauti kavu, ya kukwaruza, linavuta, linakwama, linatema.

Mimi katikati nikawa nasikia viwili. Kulia kwangu, mbele ya miguu ya Maige, injini. Kushoto kwangu, kifua cha baba. Kimoja kikipumzika, kingine kinaanza.

Baba alisikiliza muda mrefu, kichwa amekiinamisha. Kisha akasema kwa adabu kubwa, bila kumtazama mkwewe:

"Mwulize mumeo... hili gari lilifanya kazi mgodi gani?"

Maige alikaza macho barabarani. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka na machozi yakatoka.

Tulivuka Kahama kwa kujikokota. Kabla ya Tinde, kama maili ishirini na tano kufika kwetu Ibadakuli, lori lilikohoa mara mbili, likasimama. Ilikuwa mchana, jua limekaa utosini.

Maige alishuka, akafungua boneti. Nilimpelekea kapu. Nilifunua kanga, nikampa bakuli. Alilitazama, halafu akanitazama mimi, akalipokea. Aliifungua pua ya shaba, akaingiza kidole kwenye koo la injini, akakitoa. Kilikuwa kimepakwa uji mweusi wa oili na mchanga, wenye chembe. Alikisugua kwa kidole gumba na nikasikia, naapa, nikasikia kinakwaruza.

Tulifunga bakuli la zamani hata hivyo, tukatia humo oili kidogo tuliyoikinga kutoka tumboni mwa injini. Alizungusha hendeli ya kuwashia mpaka shati likalowa. Injini ilizunguka kwa wepesi, kama kinu kisicho na nafaka. Hakuna kilichoshika. Ringi zilikuwa zimeliwa. Unaweza kumfunga mtu kitambaa puani, lakini alichokwisha kukivuta kimevutwa.

Maige alikaa chini kwenye vumbi.

"Pazi aliniambia," akasema.

"Hata mimi nilikuambia."

Akainua uso. "Mlikuwa mnacheka. Ninyi wote wawili, mlikuwa mnacheka."

Nikainama, nikamfuta kidole kwa ncha ya kanga.

Karibu na barabara palikuwa na boma la mama mmoja anaitwa Bhoke, mtu wa Mara aliyeolewa huku. Alikuja mwenyewe na ngozi ya ng'ombe, tukambeba baba mpaka kwenye kivuli cha ghala lake. Mumewe alikuwa na baiskeli. Maige hakunywa hata maji.

"Namfuata baba mdogo Mihayo, Ibadakuli," akasema. "Ikiwa mzee hawezi kufika kwa ndugu yake, ndugu yake atafika."

"Mihayo mguu mmoja haupindi. Utamletaje?"

"Nitamkalisha nyuma kama gunia. Asubuhi atakuwa hapa."

Akaondoka akikanyaga pedali kwa hasira, na mimi nikabaki nampepea baba.

Alilala amekaa, mgongo wake kwenye kifua changu. Kulipokucha aliniuliza, "Wako wapi?"

"Wako njiani, baba."

"Njiani wapi?"

"Wameshapita Tinde." Sikujua wamepita wapi.

Alifunga macho, akafungua. "Lete maji. Hawa watanikuta... nimekauka."

Nilimwomba Bhoke kibuyu. Mama yule mwema, aliyetupa ngozi na uji na moto, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameolewa Usukumani miaka ya kutosha.

"Dada, maji ya kunywa nitakupa mtungi mzima. Lakini ya kutapikia kiapo, siwezi kutoa chombo changu. Kiapo kitabaki nyumbani kwangu. Nina watoto."

Alikuwa na haki. Hakuna anayeazima chombo kwa maji hayo. Chombo lazima kiwe cha ukoo. Na sisi tulikuwa na nini cha kwetu? Kanga, debe tupu, kapu. Nikakimbia mpaka kwenye lori, nikafungua lile bakuli kwa mikono, nikamwaga oili barabarani, nikalisugua kwa majani na mchanga, na Bhoke akanimiminia maji kutoka juu bila mtungi wake kugusa chuma.

Baba alitazama ndani. Oili haitoki yote. Juu ya maji palikuwa na rangi nyingi, zinatembea.

"Mvua imenyesha humu," akasema.

Nikamshikia bakuli. Alitia maji mdomoni. Ili kutapika kiapo lazima upulize, maji yatoke kama manyunyu, halafu useme. Alivuta pumzi ya kupulizia, na pumzi haikuja, kikaja kikohozi, maji yakamwagika kifuani. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alingoja. Alingoja muda mrefu, macho yake juu ya njia ya Shinyanga, ambako hapakuwa na mtu. Kisha maji yakatoka midomoni, hayakupulizwa, yalidondoka tu, yakarudi ndani ya bakuli.

"Mihayo," akasema. "Nilichokifunga..."

Nilisogeza sikio.

"Nilichokifunga..."

Mgongo wake ukawa mzito kwenye kifua changu. Kapu lile lililomaliza unga likawa zito kuliko lori.

Jua lilikuwa limepanda kiasi cha kumaliza umande walipofika. Maige alikuwa anakokota baiskeli huku anakimbia, na Mihayo amekaa nyuma, mguu wake mgumu umenyooka mbele kama bunduki. Alishuka kabla baiskeli haijasimama, akaanguka, akainuka. Aliona kanga niliyomfunika baba, akasimama hapo hapo. Hakusogea. Mtu aliyekatazwa kwa kiapo hasogelei maiti.

"Alisema?" akauliza. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi, macho mawili tu. "Mtoto wa kaka, alisema?"

Bhoke alikuwa ameingia ndani kukoroga uji. Hapakuwa na mwingine aliyesikia.

Nilichukua bakuli kwa mikono miwili, nikapiga goti mbele ya baba mdogo. Sikucheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusema mbele ya mtu mzima bila kuweka kicheko popote.

"Alisema," nikajibu. "Alipuliza maji humu, akasema: Mihayo, nilichokifunga nimekifungua. Unizike mwenyewe, karibu na mama, ndani ya zizi."

Mihayo alilitazama bakuli. "Yananuka oili."

"Ni la kwenye lori. Hatukuwa na chombo kingine."

Alitia viganja vyake viwili, akanawa uso, shingo, mikono. Vumbi likatoka mistari mistari. Halafu akapita karibu yangu, akaenda akapiga magoti kwa kaka yake, akafunua kanga, akaanza kulia kwa sauti ambayo ng'ombe wa Bhoke waliinua vichwa.

Maige alinitazama. Alinijua. Lakini hakuuliza, na mimi sikumwambia, mpaka alipofariki yeye mwenyewe.

Baba alirudi Ibadakuli kwenye mkokoteni wa maksai. Lori tulilifuata baadaye, nalo kwa maksai. Mihayo alishika jembe wa kwanza, akachimba akiwa ameegemea mguu wake mmoja, akakataa kupokewa.

Pazi alikuja msibani, kama mtani anavyopaswa. Alikuwa amebeba pua ya shaba. Alikuwa ameiokota kwenye mkokoteni uliomleta baba. Akaitia mdomoni, akajitupa chini mlangoni mwa zizi kuzuia njia, akaanza kukohoa na kuunguruma kama lori letu, akitoa na moshi wa sigara, na waombolezaji waliokuwa wamelia tangu jana wakaanguka kwa kicheko. Maige peke yake hakucheka. Alimwendea, akamwinua kwa mkono, akamwuliza taratibu:

"Siku ile, ulikuwa unasema kweli?"

Pazi alitoa bomba mdomoni. "Nilikuwa nasema kweli, mtani. Lakini mimi kweli yangu nani alinifundisha kuisema nimenuna?"

Kisha, maana kazi ya mtani msibani haimaliziki, akamgeukia Mihayo aliyekuwa na udongo mpaka viwikoni, akapaza sauti watu wote wasikie:

"Na wewe mzee, umeshika jembe kwa maneno ya nani? Marehemu hakuwa na pumzi ya kuzima kibatari, leo mnaniambia alihutubia! Huyo binti yake mnamjua lakini?"

Mihayo aliitazama mikono yake yenye udongo, kisha akanitazama mimi.

Halafu Mihayo akacheka. Ukoo wote ukacheka, wazee wakapiga mapaja, mtu akamrushia Pazi kuku wa kumtoa mlangoni. Mtani amesema! Nani anayemsadiki mtani?

Nami nilicheka. Nilicheka kuliko wote, mpaka wanawake wakanishika wakidhani ni uchungu, wakaniketisha chini.

Mihayo alifariki mwaka wa sabini na moja. Wanangu walimzika, na watoto wake wamewazika wa kwetu, na hakuna aliyepatwa na lolote zaidi ya yanayowapata watu. Huenda baba alikuwa anataka kusema nimekifungua. Huenda alikuwa anataka kusema jambo jingine. Alikuwa mzee mwenye kiburi, na dume lile alilipenda. Kila nikifika kwenye neno lile la mwisho nasogeza sikio, na kila mara linakatika pale pale.

Bakuli ninalo. Kuku hawanywei humo tena, nimewakataza.